Kutazama Wanyama kwa Mwongozaji Katika Bonde la Mto Tarangire: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa yeyote anayepanga kwenda Hifadhi ya Taifa Tarangire, awe familia yenye gari lake, kikundi cha kanisa, shule au wageni wanaokodi gari la kampuni. Tumeanza na maji, maana humo hifadhini kila swali lingine linarudi hapo.

Kwa nini wanyama wanajazana bondeni kiangazi na kupungua masika?

Mto Tarangire unaanzia kwenye milima ya Kondoa, unaingia hifadhini kutoka kusini, unatiririka kuelekea kaskazini, kisha unakata kona kwenda magharibi hadi Ziwa Burunge. Mvua zikishakatika, vidimbwi vya nje ya hifadhi hukauka kimoja baada ya kingine, na mto unabaki kuwa maji ya uhakika kwa eneo kubwa mno. Nyumbu, pundamilia, nyati na tembo waliotawanyika hadi nyanda za Simanjiro upande wa mashariki wanarudi.

Wengi huuliza: kama bondeni kuna maji mwaka mzima, wanaondoka kwenda kutafuta nini? Wanafuata lishe. Nyasi fupi za Simanjiro zina madini mengi, fosforasi hasa, na nyumbu jike anayenyonyesha anayahitaji kupita kiasi. Nyasi za bondeni masika hurefuka upesi, zikawa ngumu na zenye lishe haba. Ndiyo maana nyumbu wa Tarangire huzalia nje ya hifadhi mwanzoni mwa mwaka, kwenye ardhi ambayo wafugaji wa Kimaasai nao wanaitumia kulishia mifugo. Njia za wanyama hao zikizibwa kwa mashamba na uzio, bonde hili halitabaki kama lilivyo hata likilindwa vipi ndani ya mipaka yake. Upande wa magharibi, ushoroba wa Kwakuchinja, yaani njia ya wanyama inayounganisha Tarangire na eneo la Ziwa Manyara, umeshabanwa sana na makazi na mashamba. Ukipita barabara kuu ya Arusha kwenda Babati, unaukata ushoroba huo, kwa hiyo punguza mwendo, hasa usiku.

Mwezi gani ni mzuri kwenda?

Kama shida yako ni tembo wengi kwa pamoja, nenda kati ya Agosti na Oktoba. Juni na Julai makundi yanarudi, nyasi bado ndefu kiasi, na asubuhi kuna baridi ya kuhitaji sweta na shali garini. Septemba na Oktoba ni joto, vumbi tele, majani yamepukutika, na mnyama anaonekana mbali. Mto wenyewe unakuwa umepungua hadi mikondo miembamba juu ya mchanga.

Novemba mvua za vuli zikianza, makundi yanaanza kuondoka. Hayasubiri mvua kubwa: mvua mbili tatu zikijaza vidimbwi vya nje, tayari yanasogea. Januari na Februari ni miezi ya ndege na ya kijani kibichi, magari machache. Machi hadi Mei ni masika, na baadhi ya barabara za kusini na za kandokando ya vinamasi hazipitiki. Tembo huwakosi kabisa mwezi wowote, maana zipo familia zinazokaa bondeni mwaka mzima.

Saa ngapi tuwe ndani?

Geti likifunguliwa saa 12 asubuhi, ingia. Simba, chui na fisi wanaonekana zaidi kabla jua halijakali. Lakini msifanye kosa la kutoka saa 5 mkidhani siku imekwisha. Kiangazi, tembo wengi wanashuka mtoni jua likishawaka, kuanzia kama saa 4 asubuhi hadi saa 10 alasiri. Wageni waliozoea hifadhi nyingine wanarudi kambini kulala mchana na kuukosa wakati mzuri kuliko yote. Beba chakula, tafuta kivuli panapoonekana mto, zima injini, subiri. Saa moja ya kukaa kimya juu ya ukingo huwa inalipa kuliko saa tatu za kuzunguka.

Pangeni kurudi getini mapema. Kuendesha ndani ya hifadhi usiku ni marufuku bila kibali maalumu, na kuchelewa kunatozwa faini. Dereva akianza kukimbizana na saa, ndipo mnagonga digidigi.

Tunafikaje?

Kutoka Arusha ni kilomita 118 hivi, kama saa mbili. Unafuata barabara ya Dodoma hadi Makuyuni, hapo usikate kulia kwenda Mto wa Mbu na Ngorongoro; nyoosha hadi Kwa Kuchinja, kisha kata kushoto, kilomita chache za vumbi hadi geti kuu. Wanaotoka Dodoma wana lami kupitia Kondoa na Babati. Kuna mageti mengine, kama Sangaiwe upande wa magharibi na Boundary Hill upande wa mashariki, lakini kama ni mara yako ya kwanza tumia geti kuu, maana ndipo huduma zote zilipo.

Mabasi ya Babati yanaweza kukushusha Kwa Kuchinja. Kutoka hapo huwezi kuingia kwa miguu wala kwa bodaboda. Lazima uwe na gari lililopangwa kabla.

Kuna vibao na ramani. Mwongozaji ni wa nini?

Kibao kinakuonyesha barabara. Mwongozaji anakuonyesha kilichopita juu ya barabara hiyo alfajiri. Chukua mfano wa nyayo. Za simba hazina alama za kucha, maana kucha zake huingia ndani akitembea. Za fisi zina kucha, na za duma pia. Wayo ukiwa juu ya alama za tairi za jana, kingo zake kali, bila punje za mchanga kuporomokea ndani, mnyama kapita muda mfupi. Ukikuta vinyayo vya ndege au mistari ya wadudu juu yake, ni wa usiku wa manane au zaidi.

Kisha kuna tabia za wanyama wengine. Swala pala wote wakisimama masikio mbele, wakitazama upande mmoja na kukoroma kwa kishindo, kuna kitu wanakiona. Tumbili akipiga kelele juu ya mti huku anaangalia chini, angalia chini ya mti huo. Tai waliotua juu ya mti wakiwa wamekunja mabawa, hawashuki, mara nyingi wanasubiri simba amalize. Mavi ya tembo yakiwa mabichi, yana unyevu ndani na mende wameshaanza kuyaviringisha, kundi haliko mbali. Mwongozaji mzuri anasoma haya yote huku anaendesha, tena anawaeleza, hawanyamazii.

Nitajuaje kama ni mwongozaji halali?

Muombe leseni. Tanzania mwongoza watalii anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008, na kampuni iwe na leseni ya biashara ya utalii, ile inayojulikana kama TALA. Usiogope kuuliza, aliye nayo anaitoa bila kinyongo. Kisha muulize swali moja la kazi: mwezi huu tembo wananywa sehemu gani ya mto? Anayeijua Tarangire atakutajia mahali na saa. Anayekujibu kwamba wako kila mahali, mshukuru na uendelee kutafuta.

Ukiingia na gari lako binafsi, unaweza kuomba askari wa uhifadhi wa kuongozana nanyi, kwa malipo yaliyowekwa. Acheni kiti kimoja wazi cha mbele.

Gari letu ni Noah. Litafaa?

Kiangazi, kwenye barabara kuu za kaskazini, gari dogo lililo imara linapita. Linachokosa ni urefu: nyasi zikiwa ndefu, mtu wa Noah anaona migongo wakati wa Land Cruiser iliyofunguliwa paa anaona mnyama mzima. Masika usijaribu. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa unashika tairi kama gundi, na gari linalosukumwa na magurudumu mawili tu halitoki lenyewe.

Kabla ya kuingia hakikisheni kuna tairi la akiba lenye upepo, jeki na ubao wa kuiwekea ili isizame, spana, na maji ya kunywa angalau lita 3 kwa kila mtu. Jazeni mafuta kabla ya kuacha lami. Mtandao wa simu unakatika sehemu nyingi, kwa hiyo andikeni namba ya dharura ya getini kabla hamjaanza mzunguko.

Mkikodi gari la kampuni, ulizeni kila abiria anakaa dirishani au la. Gari la viti saba lililojazwa watu tisa linaharibu siku nzima, na bei iliyopungua hamtaikumbuka.

Viingilio vinalipwaje?

Getini hawapokei fedha taslimu. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo, maarufu kama control namba, unalipa benki, kwa simu au kwa kadi. Fanya hivyo kabla ya safari, maana foleni ya saa 1 asubuhi na mtandao unaosuasua vinaweza kukula saa nzima ya simba.

Hesabu yako iwe na mafungu haya: kiingilio cha kila mtu, kiingilio cha gari kwa uzito wake, na kama mnalala, kambi. Kutembea kwa miguu, mzunguko wa usiku na askari wa kuongozana nao ni malipo ya ziada. Watoto chini ya miaka 5 hawalipi, wa miaka 5 hadi 15 wana kiwango chao, na kuanzia 16 ni mtu mzima. Raia wa Afrika Mashariki wanalipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko wageni wa nje, ila lazima uthibitishe: kitambulisho cha NIDA, cha taifa la Kenya au Uganda, au pasipoti. Kwa watoto beba nakala ya cheti cha kuzaliwa. Viwango hubadilika, na vinavyotumika viko kwenye tovuti ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Angalia pia kama umeongezewa VAT ya asilimia 18, kwa sababu bei nyingi zinatangazwa bila hiyo.

Tembo wanakaribia kiasi gani, na ni salama?

Hili ndilo swali kubwa, na tunalijibu kwa urefu.

Mara nyingi tembo wa bondeni wameyazoea magari, na familia iliyotulia inaweza kupita mita chache kutoka dirishani mwenu. Yeye akikusogelea wewe umetulia, hilo ni lake. Wewe ndiye usiyetakiwa kumsogelea. Kwa kundi linalokula kwa utulivu, mita 25 zinatosha. Kundi lenye ndama wachanga, au linaloenda mtoni kwa haraka, lipe mita 50. Dume anayetafuta jike mpe 100 au zaidi: utamjua kwa majimaji yanayochuruzika kwenye mashavu, kati ya jicho na sikio, mkojo unaodondoka ukilowesha miguu ya nyuma, na harufu kali inayowafikia kabla yake.

Matatizo mengi yanaanza na mahali gari liliposimama. Njia za tembo kushukia mtoni zinaonekana wazi: ni mifereji iliyochimbika ukingoni, upana wa tembo mmoja, vumbi lake laini kama unga, mavi yametapakaa. Usiegeshe hapo hata kama hakuna tembo machoni. Kundi lenye kiu likifika na kukuta bati limeziba mlango wa maji, nyuma kuna ndama wanaosukumana, huwezi kulilaumu. Usisimame pia kati ya mama na ndama, hata kwa dakika moja ya picha.

Sasa dalili za kuchokozeka, kwa mpangilio unaojitokeza mara nyingi. Anaacha kula. Anainua kichwa na kuwatazama juu ya meno yake. Masikio yanatanuka. Mguu wa mbele unaning'inia, unachezacheza bila kukanyaga. Anatikisa kichwa kwa nguvu hadi masikio yanapiga mwili kwa sauti, au anarusha vumbi upande wenu. Kuna dalili moja watu wengi hawaijui: anang'oa nyasi, anazipigapiga mguuni, lakini hazitii mdomoni. Anajifanya anakula huku anapima. Mkiiona hiyo, ondokeni taratibu.

Anapokuja mbio masikio yametanuka, kichwa juu, anapiga baragumu, mara nyingi anatisha tu na atasimama. Anapokuja kimya, masikio yamebanwa nyuma, kichwa kimeshuka na mkonga umekunjwa kuelekea kifuani, huyo hatishi. Hata hivyo, kazi ya dereva si kukaa akihakiki ni ipi kati ya hizo mbili. Kazi yake ni kuwa ameondoka wakati wa dalili ya pili.

Kwa vitendo: egesha ukiwa umeelekea njia ya kutokea, uwe na nafasi ya kwenda mbele bila kugeuza. Usiruhusu gari la nyuma likubane. Kundi likiwa linapita kwa amani karibu kabisa, usiwashe injini, mlio wa ghafla ndio unaowashtua. Ukiona dalili za mwanzo wangali mbali, washa mapema na usogee polepole. Abiria wakae, wanyamaze, mikono ndani, hakuna flashi. Kupiga honi au kupiga mlango kwa kofi ili tembo ageuke kwa ajili ya picha ni ujinga unaomlipisha mtu wa gari linalofuata.

Kwa nini mwongozaji anasisitiza kumwangalia jike mzee?

Kwa sababu familia nzima inafanya anachofanya yeye. Familia ya tembo ni majike wa ukoo mmoja na watoto wao. Madume wakibalehe wanatoka. Tembo wa Tarangire wamechunguzwa mmoja mmoja kwa miaka mingi, utafiti ulioanzishwa na Charles Foley mwaka 1993, na mwaka huohuo ukame mkali ulipiga. Familia zilizotoka hifadhini wakati wa ukame zilipoteza ndama wachache kuliko zilizobaki. Watafiti waliona zilizotoka zilikuwa na majike wenye umri wa kutosha kuwa walikuwepo kwenye ukame wa 1958 hadi 1961, na yawezekana walikumbuka mahali pa kwenda. Ndiyo maana jangili anayemuua jike mwenye meno makubwa anaondoka na zaidi ya meno.

Mtazame akifika mtoni mwishoni mwa kiangazi. Maji ya juu yakiwa yamevurugwa na nyati, hayanywi. Anasogea pembeni kwenye mchanga, anachimba kwa mguu wa mbele na ncha ya mkonga, anatoa mchanga uliolowa, anasubiri maji yajichuje shimoni, kisha ananywa taratibu. Wadogo wanajipanga nyuma yake. Akiondoka, pundamilia, ngiri na ndege wanakuja kunywa shimo hilohilo.

Mbung'o ni wabaya kama watu wanavyosema?

Sehemu fulani, ndiyo. Mbung'o, au ndorobo kama wengine wanavyowaita, wanapenda vichaka na miti ya kivuli, hivyo mtapita kilomita kadhaa bila hata mmoja, kisha mkiingia kwenye pori la migunga wanajaa garini. Wanauma mchana, wanapenya nguo nyembamba, na wanafuata kitu kikubwa chenye giza kinachotembea. Gari lenu ni kitu kikubwa kinachotembea.

Rangi ya bluu iliyokolea na nyeusi inawavuta. Kwa hiyo acheni jinzi nyumbani. Vaeni kaki, kijani kilichopauka au rangi ya udongo, kitambaa kizito, kipana kidogo, mikono mirefu. Dawa za kupaka za mbu haziwazuii vya kutosha. Kinachosaidia ni kufunga madirisha na paa mkikaribia vichaka, na kuwaua waliomo ndani kabla ya kufungua tena. Wanakimbilia kwenye kioo, wapigeni hapo kwa kitambaa. Ukimpiga kidogo anaamka, kwa hiyo mbane.

Vile vitambaa vya bluu na nyeusi vinavyoning'inia pembeni mwa barabara ni mitego iliyotiwa dawa. Msiviguse, na msiegeshe karibu navyo.

Malale, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, kwa wageni ni nadra, lakini yapo na hayapaswi kupuuzwa. Ukipata homa ndani ya wiki chache baada ya safari, au kidonda kigumu chekundu kinachovimba mahali ulipoumwa, nenda hospitali na umwambie daktari kwa maneno hayahaya: nilikuwa Tarangire, niliumwa na mbung'o. Usipomwambia atapima malaria, na isipoonekana anaweza kukurudisha nyumbani. Malaria nayo ipo, kwa hiyo dawa ya kinga na chandarua vibaki palepale.

Tunaweza kutembea kwa miguu?

Ndiyo, kwa kibali na askari mwenye silaha, kwenye maeneo yaliyotengwa. Watoto chini ya miaka 12 hawaruhusiwi. Mnatoka asubuhi na mapema, mwendo wa saa mbili hadi nne, mstari mmoja, askari mbele. Viatu vifunike kifundo cha mguu, soksi ndefu, hakuna manukato. Akiinua mkono, simameni hapohapo, msiulize. Mkikutana na nyati au tembo, msikimbie hata kidogo. Sogeeni nyuma kama atakavyowaelekeza.

Msitarajie kumkaribia mnyama mkubwa kwa miguu. Raha ya matembezi ni mambo ambayo garini hamyaoni: nguchiro wadogo wakitoka mmojammoja kwenye kichuguu, makovu ya makucha ya chui kwenye gome, mbegu za migunga ndani ya kinyesi cha tembo.

Na mzunguko wa usiku?

Upo, nao unahitaji kibali, askari na malipo yake. Mnaweza kuona kanu, fisi, nungunungu, komba wakirukaruka matawini, na mkibahatika chui. Mwongozaji makini haelekezi taa kwenye macho ya swala, kwa sababu anabaki kipofu kwa muda na fisi anajua. Jacketi ni lazima hata Septemba.

Tutaona simba? Na faru?

Simba wapo wengi na uwezekano ni mzuri, ila hakuna anayeweza kuahidi. Anayeahidi anauza. Kiangazi, zungukeni karibu na maji: simba hawana haja ya kukimbiza wanaowaletea nyama mlangoni. Duma ni wachache, na mbwa mwitu wanaonekana kwa nadra. Faru hakuna, ujangili uliwamaliza. Ukitaka faru, nenda Ngorongoro au Mkomazi.

Badala ya kukimbizana na orodha ya wanyama watano, ulizeni wale ambao kwingine ni shida kuwapata: choroa, tandala mdogo, na kwa wapenda ndege, kwezi kijivu asiyepatikana nje ya Tanzania. Twiga, mnyama wa taifa letu, mtawaona vizuri hapa kuliko sehemu nyingi. Mkisimama kinamasi cha Silale, angalieni juu ya miti pia. Chatu hupanda huko, na wageni wanapita chini yao macho yakiwa kwa tembo waliozama tumboni kwenye majani.

Mibuyu imetobolewa na nini?

Na tembo. Kiangazi wanachubua magome na kutafuna mti wa ndani, ambao ni laini na unahifadhi maji. Mbuyu unastahimili mengi na kuota gome jipya, ndiyo maana unaona makovu ya zamani yaliyovimba juu, lakini ukichimbwa mno unaanguka. Mkipita mbuyu mkubwa wenye pango ndani, ule unaosemekana ulikuwa maficho ya majangili, msishuke kuingia mpaka mwongozaji akague. Nyuki wanapapenda.

Kwa nini dereva alikataa kuacha barabara, simba alikuwa mita 80 tu?

Kwa sababu ni marufuku, na faini yake ni kali. Zaidi ya hapo, njia moja ya tairi kwenye udongo mweusi inageuka mfereji mvua zikinyesha, na gari la pili linafuata la kwanza. Kama mnataka kuona vizuri kutoka barabarani, tumieni darubini ya 8x42. Ya 10x inakuza zaidi lakini inatetemeka ndani ya gari lenye watu. Msimbembeleze dereva kwa bakshishi avunje sheria. Leseni ni yake, na ana watoto wa kusomesha.

Tunakula wapi, na vipi kuhusu choo?

Eneo la mapumziko la Matete lina mandhari ya mto, meza na vyoo. Lina pia tumbili wanaojua kufungua boksi la chakula. Mmoja akae amelinda, madirisha ya gari yafungwe, na msimpe tumbili chochote: akishazoea, kesho atamng'ata mtoto wa mwingine. Nje ya maeneo hayo hakuna kushuka. Aliyebanwa amwambie dereva mapema, atatafuta mahali pa wazi na kukagua kwanza. Haja inamalizwa ubavuni mwa gari, si nyuma ya kichaka. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo fungeni chakula kwenye vyombo.

Tunaleta wanafunzi 50. Tufanyeje?

Andikeni barua hifadhini mapema, iwe na orodha ya majina na umri, maana vikundi vya shule vina utaratibu na viwango vyao. Basi litumie barabara kuu tu, muulizeni dereva wa hifadhi ni barabara zipi zinapitika siku hiyo. Gawanyeni upande wa kushoto na kulia, kila upande uwe na mwalimu na daftari la kuandika walichoona na saa, na mbadilishane mkirudi. Mtoto mwenye kazi hapigi kelele. Mama mjamzito au mwenye matatizo ya mgongo afikirie mara mbili: barabara za makorongo zinarusha.

Gari likikwama?

Msikanyage mafuta, tairi litajichimbia. Zima, tulia, angalia pande zote kabla mtu yeyote hajafungua mlango, na mmoja abaki juu ya kiti akitazama wakati wote. Chimbeni tope mbele ya tairi zote nne, wekeni matawi makavu yaliyokwisha kuanguka au mikeka ya gari, punguzeni upepo wa tairi kidogo, kisha gia ya chini, polepole, usukani ukiwa umenyooka. Ikishindikana mara mbili, piga simu getini na mkae ndani ya gari. Kama simu haishiki, subirini gari lingine mkiwa ndani hata ikiwa saa mbili. Msimtume mtu kwa miguu kutafuta msaada, hata kama geti linaonekana karibu kwenye ramani.